Jukiboksi iliyonyamaza: historia ndani ya sanduku la muziki

Leo tunakwenda Marekani, katika jimbo la Ohio, kwenye mji wa Reynoldsburg ulio upande wa mashariki wa jiji la Columbus. Ni mji wenye watu zaidi ya 40,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, na wenyeji wake hujivunia nyanya kuliko muziki, kwani huko ndiko Alexander Livingston alikozalisha aina ya nyanya iliyoitwa Paragon, iliyotolewa mwaka 1870. Lakini hatukwenda huko kwa ajili ya nyanya. Tumekwenda kwa ajili ya sanduku kubwa la mbao, chuma na plastiki za rangi, ambalo zamani mtu alitumbukiza senti tano nalo likaimba, na ambalo sasa limekaa kimya katika vyumba vya chini vya nyumba nyingi za miji ya aina hiyo.

Sanduku hilo ni jukiboksi. Vijana ambao hawakuwahi kuiona wafikirie kabati lenye urefu wa kifua cha mtu mzima, ndani yake mna sahani za santuri, mota, kikuza sauti na spika, na mbele yake pana vibonye na orodha ya nyimbo. Mteja hutia sarafu, huchagua wimbo, na mashine hutafuta sahani yenyewe, huiweka chini ya sindano, huipiga, kisha huirudisha mahali pake bila mkono wa binadamu.

Mashine hii inapoharibika, mwenyewe huwa na njia mbili. Ya kwanza, ambayo imezoeleka sana siku hizi, ni kung'oa kila kitu kilichomo ndani, kutia kompyuta ndogo yenye maelfu ya nyimbo, na kubakiza taa tu ziwake kama zamani. Ya pili ni kumwita fundi atafute ugonjwa, hatua kwa hatua, hadi aupate. Makala haya yanaitetea njia ya pili. Si kwa sababu ya kupenda vikuukuu, bali kwa sababu kila hitilafu ya jukiboksi ina sababu yake katika historia, na anayeyatupa matumbo ya mashine huwa ameitupa pia kumbukumbu ya watu walioitumia.

Tuanze na barabara. Ukitoka Louisville, katika jimbo la Kentucky, ukaelekea kaskazini mashariki, utapita Cincinnati, utafika Columbus, kisha utaendelea kupitia Cleveland na kuufuata mwambao wa Ziwa Erie hadi Buffalo katika jimbo la New York. Safari hiyo, pengine bila msafiri kujua, inafuata historia ya kampuni moja. Ni Cincinnati ambako Rudolph Wurlitzer, mhamiaji kutoka Saxony nchini Ujerumani, alianzisha biashara yake ya ala za muziki mwaka 1853. Na ni North Tonawanda, mji mdogo ulio jirani na Buffalo, ambako kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda chake kikubwa. Hapo palitengenezwa kwanza vinanda vya kujipiga vyenyewe, vikafuata vinanda vikubwa vya majumba ya sinema zisizo na sauti. Kimojawapo bado kipo katika ukumbi wa Shea's mjini Buffalo. Filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, soko la vinanda hivyo likafa karibu kwa mkupuo mmoja. Kiwanda kikabaki na maseremala hodari, mafundi wa umeme, na kazi chache mno.

Wazo la muziki kwa sarafu lilikuwa tayari la zamani. Tarehe 23 Novemba mwaka 1889, Louis Glass aliweka fonografu ya Edison katika baa ya Palais Royale mjini San Francisco. Haikuwa na spika. Ilikuwa na mirija minne ya kusikilizia, mfano wa ile ya daktari, na kila mrija ulidai sarafu yake ya senti tano. Katika miezi sita ya mwanzo mashine hiyo ilikusanya zaidi ya dola 1,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1920, umeme ulipoweza kuikuza sauti ikajaza ukumbi mzima, ndipo mashine ya watu wanne ikawa mashine ya kuchezea dansi.

Na hapo ndipo jina lilipoingia, jina ambalo linatuhusu sisi Waafrika. Katika majimbo ya kusini palikuwa na vibanda ambamo wafanyakazi weusi walikusanyika jioni kunywa na kucheza. Viliitwa kwa neno "juke", ambalo wanaisimu wanalipata katika Kigullah, lugha ya wazao wa watumwa katika pwani ya South Carolina na Georgia, likiwa na maana ya fujo au utovu wa adabu. Wengi wao wanalihusisha na maneno ya Kiwolofu na Kibambara ya Afrika Magharibi. Wenye viwanda hawakulipenda kabisa jina hilo. Kwa miaka mingi walisisitiza kuiita bidhaa yao fonografu ya kujiendesha. Wateja hawakuwasikiliza.

Mwaka 1933 mambo mawili yalikutana. Marufuku ya pombe nchini Marekani iliondolewa, na baa zikafunguliwa kwa maelfu zikiwa na kiu ya muziki wa bei nafuu, kwani ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi na bendi ni ghali. Mwaka huo huo Homer Capehart, mfanyabiashara aliyekuja kuwa seneta wa Indiana, alijiunga na Wurlitzer akiwa na haki za mtambo wa kubadilisha sahani ulioitwa Simplex. Mtambo huo ndio uliokiokoa kiwanda cha North Tonawanda.

Werevu wake ni wa kuvutia. Sahani zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja juu ya sinia lake jembamba lenye tundu katikati. Mteja akichagua wimbo, sinia linalohusika huchomoza na kujipinda hadi katikati ya mashine. Kisha meza ya kuzungushia sahani hupanda kutoka chini, hupita katika tundu la sinia, huibeba sahani na kuiinua mpaka ikutane na sindano. Yote haya hufanyika nyuma ya kioo, mbele ya macho ya mteja. Senti zake tano zilinunua wimbo pamoja na tamasha la chuma.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilisimamisha kazi hiyo. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliagiza viwanda viache kutengeneza jukiboksi ili malighafi ziende vitani. Amani iliporudi, Wurlitzer ilitoa mwaka 1946 mashine ambayo picha yake hata leo ndiyo inayomjia mtu akitajiwa jukiboksi, yaani modeli ya 1015. Iliyoisanifu ni akili ya Paul Fuller: umbo la tao, nguzo mbili zinazobadilika rangi, na mirija ya kioo yenye viputo vinavyopanda bila kukoma. Zaidi ya mashine 56,000 za modeli hiyo zilitoka kiwandani. Ndani yake mlikuwa na sahani 24 za mizunguko 78 kwa dakika, na mashine ilipiga upande mmoja tu wa kila sahani.

Tuseme sasa, wapenzi wasikilizaji, kwamba mashine kama hiyo imekutwa Reynoldsburg ikiwa na vumbi la miaka 40. Fundi afanye nini?

La kwanza ni kutofanya kitu: asichomeke waya ukutani. Waya za miaka ile zilivikwa mpira na kitambaa, na mpira huo sasa hupukutika kama mkate mkavu; panya nao huwa wamekula sehemu yao. Ndani ya kikuza sauti mna volti zaidi ya 300, na kapasita zake zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Fundi mwangalifu huanza kwa tochi, brashi na kamera, akipiga picha ya kila kitu kabla ya kugusa bisibisi.

Kisha hufuata njia ile ile ambayo sarafu ilipita. Jukiboksi ni msururu wa kazi nne: kupokea fedha, kupokea chaguo, kuitoa sahani, na kutoa sauti. Kosa kubwa la wanaojifunza ni kukimbilia kazi ya nne kwa kuwa sauti ndiyo inayokosekana. Mara nyingi sauti ni nzima, ila wimbo haukuwahi kufika kwenye sindano.

Sarafu hupita katika njia nyembamba zenye mizani na sumaku. Mizani hupima uzito na kipenyo. Sumaku hunasa vipande vya chuma ambavyo wajanja walivikata ili kuibia mashine. Uchafu kidogo tu, au springi moja iliyolegea, hutosha kuifanya mashine iteme fedha halali. Kuna kisa cha kihistoria hapa. Mwaka 1965 Marekani iliondoa fedha halisi katika sarafu za senti 10 na senti 25, na mojawapo ya masharti makubwa ya sarafu mpya lilikuwa zikubaliwe na mashine zilizokwisha kuenea nchi nzima. Ndiyo kusema kwamba serikali ilizifikiria pia jukiboksi na mashine za soda ilipochagua madini ya sarafu zake.

Hatua ya pili, vibonye na swichi, haina maneno mengi: kutu kwenye sehemu zinazogusana, na dawa yake ni kusafisha kwa uangalifu bila kukwangua.

Hatua ya tatu ndiyo makaburi ya mashine nyingi. Mafuta na grisi vilivyotiwa miaka ya 1940 na 1950 havikukauka tu, vimegeuka gundi. Gia imeshikana na mhimili wake kana kwamba zilizaliwa pamoja. Mtu mwenye haraka akiwasha umeme, mota hujaribu kuzungusha kisichozunguka, hupata joto, na huungua. Hapo tatizo la grisi ya senti chache huwa limegeuka tatizo la mota isiyotengenezwa tena. Wengine hupuliza mafuta ya kopo, mashine ikacheza wiki moja, kisha mafuta yale mapya yakachanganyika na gundi ya zamani, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Hakuna njia ya mkato. Mtambo hutolewa wote, hufunguliwa kipande kwa kipande, huoshwa kwa kiyeyushi, hukaushwa, na kila mhimili hupewa tone dogo la mafuta mepesi. Ni kazi ya siku nyingi, na ndiyo sababu wenye mashine hushawishika kutia kompyuta.

Gurudumu dogo la mpira linalopeleka nguvu ya mota kwenye meza ya sahani lina ugonjwa wake pia. Likiachwa limebanwa mahali pamoja kwa miaka, hupata kibonyeo, na muziki huyumba kila gurudumu linapozunguka, kama mwimbaji aliyelewa. Hapo mpira mpya hautupunguzii historia hata kidogo. Mpira ulikusudiwa kuisha na kubadilishwa.

Ndipo tunafika kwenye sauti, na hapa sikio la fundi hufanya kazi kabla ya mita ya umeme. Mvumo mzito kama wa nyuki hutangaza kwamba kapasita zimezeeka. Mvumo hafifu bila muziki humpeleka fundi kwenye kichwa cha sindano na nyaya zake nyembamba. Kimya kabisa humfanya achungulie kama valvu za kioo zinawaka, kisha akague fyuzi. Angalizo moja: mikono ya sindano ya enzi za mizunguko 78 ilikuwa mizito, na atakayeilazimisha ipige sahani laini za vinaili atakuwa analima shamba, si kusikiliza muziki.

Taa nazo zisidharauliwe. Plastiki za zamani husinyaa na kupasuka kwa joto la globu zilizotiwa na mtu aliyetaka mwanga zaidi. Mirija ya viputo ina kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na ikivunjika mvuke wake si wa kuvutwa.

Lakini kitu ambacho fundi anapaswa kukilinda kuliko taa zote ni kile ambacho mteja hakukiona. Mashine nyingi za enzi hizo zilikuwa na kihesabio ndani, kilichoonyesha kila sahani ilipigwa mara ngapi. Mwenye mashine hakuwa mwenye baa. Alikuwa mfanyabiashara aliyezunguka na gari lake kutoka baa hadi baa, akafungua sanduku la fedha, akagawana mapato na mwenye baa, akasoma kihesabio, akaondoa sahani iliyochokwa na kutia mpya. Katika miaka ambayo redio nyingi za Marekani zilikuwa zikikataa nyimbo za wanamuziki weusi, kihesabio hiki hakikuwa na ubaguzi. Kilihesabu senti. Mtaa uliotaka bluzi ulipata bluzi. Mashine iliyonyamaza ikiwa bado na kihesabio chake na vibandiko vya majina ya nyimbo vilivyochapwa kwa taipureta ni hati inayostahili kusomwa kabla ya kusafishwa.

Haki haikutendeka kwa kila mtu, lakini. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliisamehe jukiboksi: mtunzi wa wimbo hakulipwa chochote wimbo wake ulipopigwa kwa sarafu. Chama cha wanamuziki kilichoongozwa na James Petrillo kiligoma kurekodi kuanzia Agosti 1942, kikilalamika kwamba sahani zinawanyang'anya kazi wanaozipiga. Msamaha ule uliondolewa na sheria ya mwaka 1976 iliyoanza kutumika mwaka 1978, na ada iliyowekwa ilikuwa dola 8 kwa mashine kwa mwaka. Kufikia wakati huo jukiboksi zenyewe zilikuwa zinakufa.

Sababu za kifo chake zilianza mapema. Seeburg ya Chicago ilitoa modeli ya M100A mwishoni mwa miaka ya 1940, iliyopiga pande zote mbili za sahani 50, yaani nyimbo 100 dhidi ya 24 za Wurlitzer. Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ikaleta sahani ndogo ya mizunguko 45, nyepesi na isiyovunjika ovyo, na mwaka uliofuata Seeburg ikaitengenezea mashine. Wurlitzer haikurudi tena kileleni. Mwaka 1974 iliacha kutengeneza jukiboksi Marekani. Tawi lake la Ujerumani liliendelea, na mwaka 1986 likatoa upya umbo la 1015, wateja wakainunua kwa ajili ya kumbukumbu. Jengo la North Tonawanda lingali limesimama, likitumiwa na biashara nyingine.

Sahani hiyo ndogo ya 45 inatupeleka nyumbani. Nairobi ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa mji mkuu wa sahani hizo katika Afrika Mashariki, na jukiboksi zilinguruma katika baa zake. Wapenzi wa rumba watakumbuka jinsi wimbo mmoja mrefu ulivyokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa nyuma, kwa kuwa upande mmoja haukutosha. Aliyeutaka wimbo wote alilipia mara mbili. Muziki nao ulisafiri kwa njia hiyo kwenda ng'ambo: "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, iliyorekodiwa Nairobi, iliimbwa na kundi la Kiingereza la Tremeloes mwaka 1968.

Hapa pana fumbo la kiufundi ambalo kila fundi wa Mombasa au Dar es Salaam angekutana nalo. Umeme wa Marekani ni wa takriban volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti, na watu wengi huishia hapo, wakashangaa kwa nini mwimbaji wa kike amekuwa na sauti ya mwanamume. Ni kwamba mota hufuata mizunguko ya umeme, na transfoma haibadilishi mizunguko. Sahani iliyopaswa kwenda mara 45 kwa dakika huenda mara 37 na nusu. Dawa ni kubadilisha kipande cha mhimili wa mota kiwe kinene zaidi, kwa uwiano wa 6 kwa 5. Viwanda vilivyouza nje vilitengeneza vipande hivyo, na fundi anayekuta kipande cha namna hiyo ndani ya mashine iliyorudi Marekani hujua papo hapo kwamba ilikwisha vuka bahari.

Leo wasikilizaji wetu wengi wanaishi katika miji hiyo tuliyoipitia: Wakongomani wa Louisville na Buffalo, na Wasomali wa Columbus, ambao ni miongoni mwa jamii kubwa za Wasomali nchini Marekani. Kama mmoja wenu ataikuta mashine ya namna hii katika mnada wa vitu vya nyumbani, achungulie ndani kabla ya kutaja bei. Mashine chakavu yenye mtambo wake wote inafaa kuliko inayong'aa lakini imeng'olewa kikuza sauti. Aangalie pia tundu la sahani zake: mashine ya sahani 45 za Kimarekani huhitaji tundu pana la karibu sentimita 4, na sahani yenye tundu jembamba haitakaa.

Wako mafundi ambao, baada ya kutia kapasita mpya, huziweka zile za zamani katika bahasha, wakaandika tarehe na kazi waliyoifanya, kisha wakaibandika bahasha hiyo ndani ya mlango wa nyuma kwa ajili ya fundi atakayefuata.